Élie Metchnikoff, mwanasayansi aliyetafuta siri ya uzee ndani ya matumbo

Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka 1916, wakati vita ya kwanza ya dunia ilikuwa inakaribia kumaliza mwaka wake wa pili, mzee mmoja wa miaka 71 alifariki ndani ya Taasisi ya Pasteur, mjini Paris. Siku zake za mwisho alimwomba daktari mwenzake jambo ambalo wagonjwa wachache huliomba: baada ya kifo, mwili wake ufunguliwe na matumbo yake yaangaliwe vizuri. Kwa miaka mingi mzee huyo alikuwa amefundisha kwamba uzee na magonjwa mengi yanaanzia katika utumbo mpana, na kila siku alikuwa akinywa maziwa yaliyoganda ili ajikinge. Alitaka hata maiti yake isaidie kujibu swali hilo.

Mzee huyo aliitwa Élie Metchnikoff, kwa Kirusi Ilya Mechnikov. Wanafunzi wa udaktari wanamjua kama mtu aliyeonyesha jinsi chembe za damu zinavyopigana na mikrobe. Lakini ni yeye pia aliyewafanya watu wa dunia nzima waamini kwamba kuna bakteria wazuri, na kwamba mtu anaweza kuwameza ili apate afya. Leo, wakati matangazo yanauza vidonge vya bakteria kwa ahadi ya kuondoa wasiwasi na huzuni, maisha yake yanasaidia kutenganisha kile kilichothibitishwa na kile ambacho bado ni matumaini tu.

Kijana mwenye haraka

Metchnikoff alizaliwa mwezi wa tano mwaka 1845 katika kijiji cha eneo la Kharkov, ambalo wakati ule lilikuwa chini ya mfalme wa Urusi na leo ni sehemu ya Ukraine. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi mwenye mashamba, na mama yake alitoka katika ukoo wa Kiyahudi. Alikuwa kitinda mimba kati ya watoto watano.

Tangu utoto alipenda viumbe vidogo. Katika chuo kikuu cha Kharkov alimaliza kwa miaka miwili masomo ambayo wenzake waliyafanya kwa miaka minne. Kisha alikwenda Ujerumani na Italia kuchunguza wanyama wa baharini, na akiwa bado kijana akaanza kufundisha Odessa na Saint-Petersburg. Kazi ilikuwa inapanda haraka. Nyumbani mambo yalikuwa mengine.

Misiba na giza la moyo

Mwaka 1869 alimuoa Ludmila Feodorovitch. Msichana huyo alikuwa tayari na kifua kikuu, na siku ya harusi alikuwa dhaifu kiasi kwamba walimpeleka kanisani akiwa amebebwa kwenye kiti. Kwa miaka minne Metchnikoff alihangaika kumtafutia bibi yake hewa nzuri na matunzo, akifanya kazi mpaka macho yake yakamuuma. Mwezi wa nne mwaka 1873 Ludmila alifia Madeira, kisiwa cha Ureno. Mume wake alizidiwa na uchungu na akajaribu kujiua. Aliokoka.

Mwaka 1875 alimuoa Olga Belokopytova, binti wa jirani zake Odessa. Mwaka 1880 Olga aliugua homa ya matumbo na hali yake ikawa mbaya sana. Chuo kikuu nacho kilikuwa katika vurugu za kisiasa baada ya mfalme Alexandre wa Pili kuuawa mwaka 1881. Moyo wa Metchnikoff ulichoka tena. Mwaka huo alijiambukiza mwenyewe homa ya kurudirudi kwa kujidunga damu ya mgonjwa. Aliugua vibaya, lakini hakufa.

Olga, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu maisha ya mume wake, anaeleza kwamba baada ya ugonjwa huo mtu yule alibadilika. Macho yalipata nafuu na hamu ya kuishi ikarudi. Mtu aliyeona maisha kuwa kosa la maumbile akaanza kutafuta namna ya kuyarefusha. Tangu hapo swali moja halikumwacha: kwa nini mwili na roho ya mtu vinachoka kabla ya wakati, na je, sayansi inaweza kufanya nini?

Miiba ya Messina

Mwaka 1882 Metchnikoff aliacha chuo kikuu na kwenda Messina, katika kisiwa cha Sicile, pamoja na Olga na wadogo zake Olga ambao walikuwa wamefiwa na wazazi. Siku moja familia yote ilikwenda kuangalia nyani wa maonyesho. Yeye alibaki peke yake na darubini yake, akitazama watoto wa kiti cha pweza, kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota ambaye akiwa mchanga mwili wake unapitisha mwanga.

Alikuwa anaangalia chembe zinazotembea ndani ya kiumbe hicho, mara akajiuliza: labda chembe hizo ni askari wa mwili? Alitoka bustanini, akachuma miiba ya waridi na kuichoma ndani ya wale viumbe. Usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi aliona kwamba chembe zilikuwa zimeizunguka miiba kila upande, kama watu wanaozingira mwizi.

Baadaye mwalimu mmoja wa Vienna alimsaidia kupata jina la chembe hizo: fagositi, maana yake chembe zinazokula. Wataalamu wengi wa Ujerumani walimpinga wakisema kinga ya mwili iko katika majimaji ya damu, haiko katika chembe. Ugomvi huo uliendelea kwa miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 1908 tuzo ya Nobel ya udaktari ilitolewa kwa pamoja kwa Metchnikoff na Mjerumani Paul Ehrlich, aliyekuwa upande wa majimaji. Leo inajulikana kwamba wote wawili walikuwa na haki: mwili unatumia chembe na majimaji pamoja.

Kolera ndani ya kikombe

Mwaka 1886 Metchnikoff aliwekwa kuongoza kituo kipya cha bakteria mjini Odessa. Kazi haikwenda vizuri. Madaktari wa mji walimdharau kwa sababu hakuwa daktari, na chanjo moja ya mifugo iliyofanywa na watu wa kituo iliua kondoo wengi. Mwaka 1888 alihama. Louis Pasteur alimpokea Paris na kumpa maabara. Alibaki hapo miaka 28, mpaka kifo chake.

Mwaka 1892 kolera ilipiga Ulaya. Robert Koch alikuwa amekwisha kuonyesha bakteria wa ugonjwa huo, lakini swali moja lilibaki, swali ambalo watu wa kandokando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika wanalijua vizuri: kwa nini watu wawili wanakunywa maji ya chanzo kimoja, mmoja anaugua na mwingine anabaki mzima?

Metchnikoff alikunywa bakteria wa kolera mwenyewe. Hakuugua. Wasaidizi wake pia walijitolea, na kijana mmoja kati yao aliugua karibu kufa. Jambo hilo lilimtisha sana. Halafu akaona maabarani kwamba mikrobe wengine wanasaidia bakteria wa kolera kukua, na wengine wanamzuia. Alifikiri kwamba jibu liko tumboni: kila mtu anabeba kundi lake la mikrobe, na kundi hilo linaweza kuwa mlango wazi au kizuizi.

Wazo hilo lilikuwa jipya. Watu wa wakati ule walikuwa wametoka tu kujifunza kwamba mikrobe ni maadui. Sasa mtu wa Pasteur mwenyewe alikuwa anasema kwamba baadhi yao ni walinzi. Katika taasisi hiyohiyo, daktari Henry Tissier alikuwa anachunguza choo cha watoto wanaonyonya, na hapo akapata bakteria ambao leo wanaitwa bifidobakteria.

Maziwa ya Bulgaria

Mwaka 1903 Metchnikoff alitoa kitabu kikubwa juu ya maumbile ya mwanadamu. Ndani yake alieleza kwamba utumbo mpana ni mabaki ya zamani yasiyo na kazi kubwa. Uchafu unakaa humo muda mrefu, bakteria wanauozesha, na sumu inaingia katika damu. Sumu hiyo, kwa mawazo yake, inadhoofisha mishipa na chembe za ubongo, kisha fagositi zinageuka na kuanza kula chembe hizo zilizochoka. Ndiyo sababu mzee anasahau na nywele zake zinakuwa nyeupe.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Kila mama anayeganda maziwa anajua kwamba maziwa yaliyoganda hayaozi haraka kama nyama. Tindikali inayotokana na bakteria wa maziwa inazuia bakteria wa uozo. Kama inafanya hivyo ndani ya chungu, Metchnikoff alifikiri, kwa nini isifanye hivyo ndani ya tumbo? Alisikia pia kwamba katika vijiji vya Bulgaria, ambako watu walikunywa maziwa ya kuganda kila siku, wazee wa umri mkubwa walikuwa wengi. Mwaka 1905 mwanafunzi Mbulgaria, Stamen Grigorov, aliyekuwa anasoma Geneva, alimpata bakteria anayegandisha maziwa hayo.

Metchnikoff alianza kunywa maziwa hayo kila siku. Aliacha vyakula vibichi, na hata matunda aliyapitisha katika maji ya moto kwa kuogopa mikrobe wabaya. Mwaka 1907 alitoa kitabu kingine, na safari hii neno la matumaini liliwekwa kwenye jina lenyewe la kitabu. Magazeti yalichukua habari hiyo na kuikuza. Maduka ya dawa yakaanza kuuza maziwa ya kuganda na vidonge vya bakteria, vingine vikibeba jina lake. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwa tahadhari kwamba uchunguzi bado unahitajika, lakini wafanyabiashara hawakuichapisha tahadhari hiyo kwenye chupa.

Kutoka tumboni hadi akilini

Haikuchukua muda mrefu kabla ya madaktari wa akili kusikia. Mwaka 1910, London, daktari George Porter Phillips aliandika habari za wagonjwa wake wa huzuni nzito. Wengi wao walikuwa hawapati choo vizuri, na ulimi na ngozi yao vilionyesha tumbo lisilo sawa. Aliwapa bakteria wa maziwa na kuwakataza nyama. Kati ya wagonjwa 18, aliandika kwamba 11 walipona kabisa na wengine wawili walipata nafuu.

Hesabu hiyo ilivutia, lakini ilikuwa na upungufu mkubwa. Phillips hakuwa na kundi lingine la wagonjwa wasiopewa bakteria ili alinganishe. Huzuni nzito mara nyingine inapungua yenyewe baada ya miezi, na mgonjwa anayetunzwa vizuri na kulishwa vizuri anaweza kupata nguvu kwa sababu hizo tu.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Mjini London, daktari mpasuaji William Arbuthnot Lane alikuwa tayari anawatoa watu utumbo mpana kwa sababu ya kukosa choo. Huko Trenton, Marekani, daktari wa akili Henry Cotton aliamini kwamba wazimu unatoka katika uchafu uliojificha mwilini. Kuanzia mwaka 1916, mwaka uleule Metchnikoff alipofariki, alianza kuwang'oa wagonjwa meno, kisha akaendelea na matumbo. Kwa hesabu yake mwenyewe, karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu waliokatwa utumbo mpana alikufa. Wagonjwa hao hawakuwa na nafasi ya kukataa.

Metchnikoff hakushika kisu hicho. Lakini nadharia yake ya utumbo usio na kazi ilikuwa moja ya hewa ambayo madaktari hao walivuta. Katika hilo alikosea: utumbo mpana unarudisha maji na chumvi mwilini, na bakteria waliomo wanatengeneza vitu ambavyo mwili unavihitaji.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1909 Metchnikoff alimtembelea mwandishi Léon Tolstoï shambani kwake nchini Urusi. Walikuwa na uhusiano wa ajabu: kifo cha Ivan, kaka yake Metchnikoff aliyekuwa hakimu wa Tula, ndicho kilichompa Tolstoï wazo la hadithi yake maarufu kuhusu mtu anayekufa. Wazee hao wawili waliheshimiana, lakini hawakukubaliana. Mmoja alitafuta wokovu wa mtu katika imani, mwingine katika maabara.

Mwaka 1914 vita ililipuka. Vijana wa taasisi walipelekwa mbele ya mapigano, vyumba vya kazi vikabaki tupu. Metchnikoff, aliyeamini kwamba sayansi ingewafanya watu wa Ulaya kuwa na akili zaidi, aliumia sana. Moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua kabla ya vita, na sasa ulidhoofika zaidi. Moyo ndio uliomshinda. Hakuacha mtoto. Majivu yake yamewekwa katika maktaba ya Taasisi ya Pasteur.

Nini kilibaki, nini kilianguka

Miaka mitano baada ya kifo chake, Leo Rettger na mwenzake wa chuo kikuu cha Yale walionyesha kwamba bakteria wa Bulgaria hawezi kukaa na kuzaana katika tumbo la mtu. Maziwa yale hayakuwa yanafanya kazi kwa njia aliyoidhani. Biashara lakini haikusimama. Mwaka 1919 Isaac Carasso alianza Barcelona kuuza yogati iliyotengenezwa kwa bakteria kutoka Taasisi ya Pasteur. Ndio mwanzo wa kampuni ya Danone. Huko Japani, daktari Minoru Shirota alikuza bakteria mwingine mwaka 1930, na miaka mitano baadaye kinywaji cha Yakult kikaingia sokoni.

Swali la akili lililala kwa miaka mingi. Mwaka 2004 Nobuyuki Sudo na wenzake wa chuo kikuu cha Kyushu, Japani, walilea panya wasio na mikrobe hata mmoja. Panya hao walipobanwa, homoni ya hofu ilipanda kuliko kwa panya wa kawaida. Walipopewa aina moja ya bifidobakteria wakiwa wadogo, hali ilitulia. Mwaka 2011 watafiti wa Cork, Ireland, pamoja na wenzao wa Canada waliwapa panya bakteria wa maziwa, na hofu yao ikapungua. Lakini walipokata neva ndefu inayounganisha ubongo na tumbo, ile madaktari wanaiita vagus, faida ile ilipotea. Kumbe kuna njia ya mawasiliano. Tumbo pia ndilo linalotengeneza karibu sehemu tisa kwa kumi za serotonini ya mwili, ingawa serotonini hiyo haipiti kuingia ubongoni.

Kwa watu, habari ni ngumu zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Cork walitoa matokeo ya kuwapa bakteria walewale wa panya wanaume 29 wenye afya. Hawakuona tofauti na kidonge kisicho na kitu. Mwaka 2019 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, waliangalia watu zaidi ya 1000 na kuona kwamba aina fulani za bakteria zilikuwa pungufu kwa wenye huzuni nzito. Lakini mtu mwenye huzuni nzito anakula vibaya, analala vibaya na anatumia dawa. Bado haijulikani kama upungufu huo unaleta huzuni, au huzuni ndiyo inayoleta upungufu.

Somo hilo lina uzito katika Kongo ya mashariki, ambako vita na ukimbizi vimeacha vidonda vingi vya moyo. Mashanza ambayo wafugaji wa Kivu wanaganda tangu zamani ni chakula kizuri, mradi maziwa na chombo viwe safi. Si dawa ya kiwewe wala ya huzuni nzito, na hakuna kidonge cha bakteria ambacho kimethibitishwa kuchukua nafasi ya daktari. Mtu anayeona maisha hayana maana tena anahitaji kusikilizwa upesi na ndugu, na kupelekwa kwa watu waliosomea kazi hiyo, kama wale wa Sosame mjini Bukavu au Tulizo Letu mjini Goma.

Metchnikoff mwenyewe alifika ukingoni mara mbili kabla ya kufikisha miaka 40, na hakuna maziwa yaliyomrudisha. Alipofariki alikuwa ameishi miaka 43 baada ya kifo cha Ludmila. Olga alikuwa naye miaka 41 kati ya hiyo, na kazi kubwa zote zinazofanya jina lake likumbukwe alizifanya baada ya giza lile.